Forman, Ufa Umeuona? Mwongozo wa Kusimamia Saiti Bila Kuumiza Watu

Nilianza kama saidia fundi wa kubeba zege, nikawa fundi nondo, na sasa ni forman kwenye majengo ya ghorofa hapa Dar es Salaam. Ukitaka kujua kama saiti ni salama, usianze na mabango ya getini. Angalia fundi anavyofanya anapomwona forman anakuja. Akiendelea na kazi yake, au akikuita uone kitu, hapo pana usalama. Akikimbilia kuvaa helmeti, au akisimama mbele ya kitu usikione, kuna ajali iko njiani.

Mwongozo huu ni kwa forman mwenzangu, msimamizi wa karakana, kiongozi wa gengi, na yeyote anayewaambia wengine "panda" au "shuka". Sizungumzii wakurugenzi. Kibarua hamjui mkurugenzi. Kwake yeye kampuni ni wewe.

Kabla ya hatua zenyewe, kumbuka jengo la Rana Plaza, pale Savar karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo hilo la ghorofa nane na watu wakatolewa nje. Chini kulikuwa na benki na maduka, juu viwanda vya nguo. Kesho yake benki na maduka hawakufungua. Wa viwandani waliamriwa warudi kazini, na wapo waliotishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, jengo likashuka. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zile zile na habari ilikuwa moja, lakini wakubwa walikuwa tofauti, na mpaka kati ya aliyelala kwake usiku ule na aliyefukuliwa kwenye kifusi uliwekwa na uamuzi wa msimamizi wake. Methali ya kuziba ufa sote tunaijua tangu shule. Tatizo ni kwamba kwenye saiti nyingi anayeutaja ufa ndiye anayeonekana mkorofi.

Hatua ya 1: Jichunguze wiki moja

Chukua daftari dogo. Kwa siku sita za kazi, andika swali la kwanza ulilowauliza watu asubuhi, na jambo la kwanza lililokufanya upaze sauti. Usimwonyeshe mtu.

Mimi nilipofanya hivyo niliona aibu. Siku tano kati ya sita swali langu la kwanza lilikuwa "jana mmemwaga ngapi?" na kelele zangu zote zilihusu kuchelewa. Nilikuwa na mahubiri marefu ya usalama kila Jumatatu, lakini mafundi hawasikilizi mahubiri, wanasikiliza maswali. Ukiuliza zege tu, watakuletea zege, hata kama mirunda, ile miti inayoshikilia jukwaa la kupandia mafundi, imeoza.

Badilisha swali la kwanza. "Jana kuna kitu kilichomtia mtu wasiwasi?" linatosha. Uliza kila siku, hata siku ambayo bosi amekaa kwenye gari nje anapiga honi. Na vaa helmeti yako hata ukiingia kwa dakika mbili kuchukua chaja ya simu. Sisemi zaidi ya hapo kuhusu mfano mwema, maana kila mtu ameshasikia.

Hatua ya 2: Kikao cha asubuhi, dakika kumi, mkiwa mmesimama

Kifanyike pale pale kazi itakapofanyika, si ofisini. Mambo ni matatu: leo tunafanya nini, nani yuko wapi, na kipi kinaweza kutuumiza. Hilo la tatu lazima liwe la leo hii. "Muwe makini" si onyo, ni salamu. Onyo ni "leo winchi inapandisha tofali upande wa barabarani, kwa hiyo mama lishe asipite huku, na asiyebeba tofali asisimame chini yake."

Hapa nitakaa kidogo kwenye jambo la mila zetu. Kwetu akishasema mkubwa, mdogo hana la kuongeza. Ni adabu nzuri nyumbani, lakini saiti inaweza kuua. Kijana aliyeanza jana anaona waya uliochunika, mzee fundi ameshasema kazi iendelee, basi kijana ananyamaza kwa heshima. Kwa hiyo pindua utaratibu: aanze kusema mdogo kuliko wote, fundi mkuu afuate, forman awe wa mwisho. Wazee watanung'unika siku mbili tatu. Waambie wazi: "Mzee wangu, heshima yako iko pale pale. Ila ukianza wewe, huyu mtoto hatasema alichokiona." Sijapata mzee aliyekataa baada ya kuelezwa hivyo mbele ya watu.

Usiwape karatasi ya kusaini wasiyoweza kuisoma. Karatasi hiyo inakulinda wewe peke yako, nao wanajua.

Hatua ya 3: Ipokee habari mbaya kama mgeni

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote. Ukiikosea hii, nyingine hazina kazi.

Miaka ya nyuma, kwenye saiti ambayo sitaitaja, saidia fundi mmoja alinifuata akaniambia ubao wa jukwaa unalia. Nilikuwa na injinia mshauri pembeni, nimechoka, tumechelewa. Nikamjibu: "Wewe ni fundi seremala?" Watu wakacheka. Yule kijana naye akacheka, akaondoka. Siku ya pili ubao ukakatika na fundi wa plasta akaanguka, akavunjika mguu. Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye: kwa karibu miezi miwili hakuna mtu aliyeniletea habari yoyote mbaya. Daftari la matukio likawa jeupe. Bosi akanisifu kwamba saiti imetulia.

Haikuwa imetulia, ilikuwa imefunga mdomo. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alikutana na jambo hilo hilo hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia timu za wauguzi zenye uongozi mzuri zionyeshe makosa machache ya dawa. Akakuta zinaonyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba akagundua kwamba zile timu nzuri hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa haziogopi kusema. Kwa hiyo bosi akikuonyesha daftari jeupe kwa fahari, mwulize kwanza nani anaogopa kuliandika.

Fanya hivi mtu anapokuletea habari:

Sema "Asante, nionyeshe." Maneno mawili, basi. Usiulize kwanza kwa nini hakusema jana.

Nenda naye, kwa miguu yako, saa ile ile. Ukituma mtu umeshamwambia kwamba habari yake ni ndogo.

Kama ana haki, rekebisha akiwa anaona. Kama amekosea, mweleze kwa nini pako salama, bila kumcheka, na usiruhusu wengine wamcheke. Aliyekuja na habari kumi, tisa zikawa si kitu, amekulipa kwa ile moja.

Jambo likihitaji muda, mpe jibu kabla ya kutoka kazini siku hiyo, hata kama jibu ni "mbao zinakuja kesho, leo hapo hapakanyagwi." Kinachoua moyo wa kutoa taarifa ni kutojibiwa. Hasira ya forman wanaweza kuizoea, lakini taarifa iliyopotelea hewani hairudiwi mara ya pili.

Kisha kesho asubuhi, kwenye kikao, itaje ile habari na aliyeileta, kama ameridhia. Usimpe zawadi ya pesa. Nimejaribu, ikazaa habari za kutungwa.

Hatua ya 4: Wape ruhusa ya kusimamisha kazi, na uilipie

Mamilioni ya mabango yanasema "simamisha kazi ukiona hatari." Kibarua anayelipwa kwa siku, au fundi anayelipwa plasta kwa mita, anasoma bango hilo kama utani. Akisimama, anakula nini?

Kwa hiyo ruhusa ya kusimama lazima iwe na senti ndani yake. Kubaliana na mkandarasi, kabla kazi haijaanza, kwamba muda uliosimama kwa sababu ya usalama unalipwa kama muda wa kazi. Kwa wale wa kipande, weka kiwango cha saa. Ni gharama ndogo kuliko siku moja ya saiti iliyofungwa na mkaguzi, na hiyo ndiyo hoja ambayo wakandarasi husikia haraka. Kama hukufanikiwa kupata hilo, basi angalau usimpange mtu wa kipande kwenye kazi za juu au za mtaro. Anayelipwa kwa kasi atakimbia, na kosa si lake.

Sheria iko upande wako. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari ya wazi inayotishia uhai au afya yake. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi kwenye orodha ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamzuia mwenye kazi kumrudisha hapo wakati hatari bado ipo. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndiyo inayoisimamia. Sheria hiyo inataka pia wawepo wawakilishi wa usalama na afya. Mchague anayeaminiwa na wenzake, si shemeji yako.

Na wewe mwenyewe, je, unayo ruhusa ya kusimamisha? Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, mtambo wa mafuta wa Piper Alpha uliwaka moto kwenye Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Walikufa watu 167. Mitambo jirani, Tartan na Claymore, iliendelea kusukuma mafuta kwenye mabomba yaliyounganishwa na ule unaowaka, huku walioisimamia wakisitasita kuzima kwa mamlaka yao wenyewe. Moto waliuona kwa macho. Muulize bosi wako leo, kabla ya shida: "Nikiona hatari nikasimamisha zege lililoshafika getini, utanisimamia?" Jibu lake liandike. Akibabaika, umeshajua saiti yako ilivyo.

Moto ule ulianza na jambo dogo zaidi. Pampu ilikuwa kwenye matengenezo, valvu yake ya usalama imetolewa, na habari hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku, wakaiwasha. Kwa hiyo ukimwachia mwenzako saiti, msikabidhiane kwa simu ukiwa kwenye daladala. Tembeeni pamoja, umwonyeshe kila kilichofunguliwa.

Hatua ya 5: Ondoa hatari kabla ya kugawa helmeti

Forman mvivu huanza na vifaa vya kuvaa kwa sababu vinaonekana kwenye picha. Helmeti, rifleketa, glavu na gambuti ni kinga ya mwisho, pale kila kitu kingine kimeshindikana. Jiulize kwanza: je, kazi hii inaweza kufanyika chini badala ya juu? Kusukwa nondo za nguzo pale ardhini kisha kupandishwa kunaokoa masaa mengi ya watu kuning'inia.

Mtaro ndio unaonitisha kuliko ghorofa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu, na mtu akifunikwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Mtaro ukifika kina cha mita moja na nusu, usishushe mtu mpaka kuta zimekingwa kwa mbao au zimechongwa mteremko, udongo uliochimbwa umesogezwa mbali na ukingo, na ngazi ipo. Usiseme "ni dakika tano tu." Udongo hauna saa.

Kukata marumaru au zege kwa grainda kavu kunatoa vumbi la silika, na silika ikiharibu mapafu hayarudi. Kata kwa maji. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, kwa hiyo fundi asipige magoti kwenye zege, na ndoo ya maji safi ya kunawa iwe karibu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Anayeamua kama utapandishwa kwa winchi au kwa mgongo wa mtu ni wewe, wala huhitaji ruhusa ya Dodoma.

Hatua ya 6: Chunga na kisichovuja damu

Ajali inaonekana, maradhi hayaonekani, na forman ana mkono kwenye yote mawili. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia wanaume 3,122 waliokuwa kazini eneo la Stockholm kwa karibu miaka kumi, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waliosema msimamizi wao anaeleza malengo wazi, anatoa taarifa na anawasaidia watu wake walipata maradhi ya moyo ya mishipa kubanwa kwa kiwango cha chini zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa muda mrefu kwenye kazi ile ile. Sisemi matusi ya forman ndiyo yaliyowaua wale wengine. Nasema mkuu wa kazi ameingia mpaka kwenye moyo wa mtu, kwa maana halisi ya nyama na damu.

Kwa hiyo panga kazi ya leo jana. Kibarua asiyejua kama kesho ana siku au hana halali vizuri, na asiyelala vizuri haoni shimo. Mwambie jioni: kesho njoo, au kesho hakuna. Malipo yatoke siku iliyoahidiwa. Matusi yaachwe, hata yale tunayoyaita "lugha ya saiti." Mtu aliyetukanwa mbele ya wenzake saa tatu, saa sita bado anatafuna maneno yako akiwa juu ya jukwaa.

Joto la Desemba hadi Machi Dar es Salaam si la kupuuza. Maji ya kunywa yawe pale kazini, si getini, na watu wanywe glasi moja kila dakika 15 hadi 20 bila kungoja kiu. Kazi nzito za juani zianze saa kumi na mbili na nusu. Mgeni, au aliyetoka likizo ndefu, mwili wake haujazoea: siku ya kwanza mpe sehemu ya tano tu ya kazi nzito ya juani, uongeze kila siku. Hapa wengi tunakosea, maana mgeni ndiye tunayempa zege "tumjaribu." Mtu akianza kuongea ovyo au kuyumba kwenye jua, usimwite mlevi. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na gari litafutwe mara moja.

Na choo. Saiti isiyo na choo cha kueleweka ina mafundi, hasa wanawake, wasiokunywa maji makusudi.

Hatua ya 7: Ajali ikitokea

Mganga kwanza, maswali baadaye. Mtu mmoja aende na mgonjwa hospitali na abaki naye. Eneo lisiguswe, lipigwe picha.

Ukianza kuuliza, uliza "ilikuwaje?" na siyo "nani?" Swali la nani linafunga midomo ndani ya nusu dakika. Fundi alipanda bila mkanda wa usalama: kwa nini? Mkanda uko stoo. Kwa nini uko stoo? Mwenye ufunguo huja saa tatu. Basi umepata pa kutengeneza, na ufunguo huo ulikuwa chini ya mamlaka yako.

Usimshawishi mtu "tumalizane kienyeji." Toa taarifa OSHA na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa mfuko huo unalipwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi, na kufichwa kwa ajali maana yake ni kwamba mtu mwenye mguu uliovunjika ananyang'anywa fidia yake ili kitabu chako kibaki kisafi. Na nenda umtembelee mwenyewe, nyumbani kwake, ukae kwenye mkeka. Wenzake watajua kama ulienda.

Hatua ya 8: Mkubwa akigoma

Itafika siku utafuata yote haya na bosi atakwambia endelea. Usibishane naye mbele ya mafundi, wala usigeuke ukawaambia "ni yeye amesema." Watoe watu kwanza, kisha mwandikie. Kwa simu inatosha, mradi iwe maandishi, yenye saa, mahali, hatari, ulichofanya na unachohitaji. Mimi ya mwisho niliyotuma ilikuwa hivi:

"Bosi, shikamoo. Mtaro wa upande wa mashariki umefika mita mbili, kuta hazijakingwa na jana mvua ilinyesha. Nimewatoa watu wote saa nne kasoro robo. Nahitaji mbao ishirini na mirunda kumi. Vikifika saa sita, saa nane tunaendelea. Kwa sasa nimewahamishia kwenye kusuka nondo, hakuna aliyekaa bure."

Hakujibu. Mbao zilifika saa saba.